Ligi ya Jiko

Huku Akita wanaiita ligi ya jiko:
miezi ambayo uwanja umelala chini ya theluji
na hakuna kinachochezwa ila midomo.

Duka la Mineko Kuwabara linauza misumari, kamba,
mafuta ya taa, na makufuli ya nyumba zilizohamwa.
Katikati jiko. Juu ya jiko birika.
Kulizunguka, viti vinne vyenye wenyewe,
na kreti la bia kwa anayechelewa.
Kreti ndilo langu.

"Mkono wa kushoto," anaanza Tetsugoro,
fundi wa mapaa aliyeanguka mara mbili,
mara zote redio ikiwa mfukoni,
mara zote Korongo wakiwa wanafungwa.
"Bila mrushaji wa kushoto, msimu umekwisha kabla ya maua."

"Warushaji tunao!" Isamu wa posta kasimama.
"Moja kwa sifuri. Tumefungwa moja kwa sifuri mara kumi na moja!
Siku hizo nimezizungushia wino mwekundu kwenye kalenda,
mke wangu akadhani ni siku zangu za sindano.
Mrushaji afanye nini zaidi? Awapikie chai?
Sajilini mtu mwenye gongo."

Na gongo lipo. Limeandikwa gazetini tangu asubuhi:
Yoendri Basabe, wa Maracaibo,
mapaja kama magogo;
mpira akiupata vizuri hauanguki, unahama.
Miaka thelathini na minne. Goti limepasuliwa.

"Goti lipi?"
"La kushoto."
"Basi umepata cha kushoto chako, Tetsugoro."

Tukacheka mpaka birika likaitikia.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema Isamu.
"Mgeni siku mbili," akajibu Tetsugoro, "ya tatu mpe gongo,
ya nne mpe magongo ya kutembelea."

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka chini ya ukurasa,
pale herufi zinapokuwa ndogo.
Ningeweza kunyamaza. Lakini kreti ni gumu,
na anayekalia kreti naye hutaka asikike walau mara moja.
"Ili wamlipe Basabe," nikasema, "watamwacha Sugimori."

Unakijua kimya cha theluji inayoporomoka toka paani,
ule muda kabla haijafika chini?
Hicho.

Sugimori wa mtaa wa kiwanda cha sosi ya soya.
Thelathini na minane, na bado huudaka mpira wa chini
kama mtu anayeokota sarafu aliyoiangusha mwenyewe.
Glavu yake ya kwanza ilitundikwa pale, juu ya nyundo.

Mineko, ambaye hajawahi kutoa maoni
ila bei,
akavuta daftari la madeni ya zamani,
akalamba kidole, akafunua kurasa.
"Baba yake aliichukua kwa mkopo.
Imebaki yeni mia nane."
"Mfutie," akasema Isamu, sauti imeshuka.
"Nikifuta, atakuwa na sababu gani ya kupita hapa?"

Usiku ule hakuna aliyetaja tena mkono wala gongo.
Tulinunua vitu tusivyovihitaji:
Isamu bawaba, mimi mita tatu za kamba.

Mwezi wa pili Korongo wakatangaza.
Basabe kaenda Osaka.
Sugimori kabaki, kwa nusu ya mshahara.
Na aliyesajiliwa, peke yake, ni mdakaji wa akiba
kutoka Niigata, ambaye hakuna kati yetu
aliyewahi kumsikia, hata kwa ubaya.

"Mdakaji," akasema Isamu.
"Mdakaji!" akasema Tetsugoro, akivuta kiti.
"Anatumia mkono gani?"

Mineko akatikisa dumu, akasikiliza,
akaongeza mafuta.